Baba, Wezi Wako Bado Wanakuandikia

Baba yangu,

Shikamoo. Leo asubuhi umeshinda gari. Jana ulishinda jingine, na juzi mjane wa jenerali fulani, asiyetaja hata nchi yake, alikuchagua wewe kati ya watu wote duniani umtunzie urithi wa marehemu mumewe. Kuna daktari anayetaka kukurudishia nguvu za kiume. Kuna mchungaji aliyeoteshwa ndoto juu yako, ila jina lako hakuoteshwa, ndiyo maana barua yake inaanza na "Mpendwa Mtumiaji". Ni miezi saba sasa tangu tukuzike kule Ushetu, na hakuna hata mmoja wao aliyepunguza mwendo.

Barua hii siitumi kwenye anwani yako ya barua pepe. Kule ingekaa katikati ya uchafu huo, na sitaki. Naiandika hadharani, wanaokufahamu waisome, kwa sababu nina jambo ambalo hata kaka zangu hawalijui, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Unakumbuka siku tuliyoifungua ile anwani? Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo, ukaniambia nivae viatu vya shule tunakwenda Kahama kwa shughuli ya kiofisi. Ile ofisi ilikuwa chumba cha intaneti nyuma ya duka la mbolea, kompyuta tatu, moja imekufa. Dada wa pale akakuuliza unataka jina gani la barua pepe. Ukamtajia jina lako, la baba yako na la babu yako.

"Mzee, hilo refu mno. Watu watakosea kuliandika."

"Atakayekosea hakuwa na shida na mimi," ukamjibu.

Likaingia lote. Neno la siri ukaliandika kwa wino mwekundu nyuma ya daftari lako la maandalio ya masomo, ukanitaka nilisome kwa sauti ya chini mara mbili. Ulirudi nyumbani siku ile umekaa wima kwenye kiti cha basi kama mtu aliyepandishwa cheo. Na kila mwaka, siku ya mwisho ya darasa la saba, uliichora anwani ile ubaoni kwa herufi kubwa. "Andikeni madaftarini. Popote mtakapofika, niandikieni."

Tatizo ni kwamba hukuishia ubaoni. Uliiandika kwenye fomu za semina, kwenye madaftari ya wageni, kwenye bahati nasibu ya duka la magodoro, kwenye turubai la wauza laini za simu sokoni. Yeyote aliyekuomba anwani ulidhani anataka kukuandikia. Basi wameandika.

Ulipostaafu ukahamia hapa Kambarage, Shinyanga, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikakununulia simu ya tachi. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa janga. Kila ulipoketi barazani simu ililia, ukavaa miwani, ukasoma. Barua kumi, ishirini, siku nyingine hazihesabiki. Mimi nina duka la steshenari, nachapa na kudurufu barua za watu tangu asubuhi hadi jioni, barua taka naijua kabla sijaifungua. Wewe ulizisoma zote mpaka mwisho. Halafu, Mungu wangu, ulizijibu.

"Baba, hawa hawajibiwi. Ukimjibu mmoja anajua anwani iko hai, anawauzia wenzake."

"Mtu akikuandikia, unamjibu."

"Hawa si watu."

"Sasa kama si watu, mayu, mama yangu, nani kaandika?"

Ungejibu kwa matusi ningekuelewa. Wewe ulisahihisha. Nilichungulia siku moja begani kwako nikasoma: "Ndugu, salaam. Nimepokea barua yako. Hatuandiki 'tunapenda kukujurisha', tunaandika 'kukujulisha'. Pia si 'mmoja ya washindi', ni 'mmoja wa washindi'. Tena, unapomwandikia aliyekuzidi umri, unaanza kwa kumwamkia. Kuhusu dhahabu unayouza, sina haja nayo. Wasalaam." Nilicheka mpaka nikaketi chini. Nawe ulinitazama juu ya miwani kana kwamba mimi ni mtoto aliyechelewa namba asubuhi.

Niseme wazi kwamba nawadharau watu hawa kwa moyo wangu wote. Kijana anayeshuka kwenye duara, shimo la dhahabu, kwa kamba, tochi kichwani, hajui kama atapanda tena, huyo namheshimu hata akitoka mikono mitupu. Mama anayeponda mawe juani naye namwamkia. Lakini mtu mwenye mikono miwili, kivuli, umeme na akili ya kutosha kuwasha kompyuta, anayeketi kuwatungia wazee uongo, tena uongo wa kivivu, alionakili kwa mwenzake bila hata kufuta jina la mtu aliyetumiwa kabla yako! Hawana aibu, na kazi yao wenyewe hawaijui. Wanamwandikia mzee wa huku kumtaarifu kwamba Geita kuna dhahabu. Wewe, uliyewafundisha kusoma nusu ya wachimbaji waliokwenda huko!

Kisha ikaja ile barua ya kazi.

Hukunionyesha. Nilikuja kujua siku nilipoleta uji asubuhi nikakuta mlango umefungwa. Nikapiga simu.

"Baba, uko wapi?"

"Geita. Kikazi."

Walikuandikia kwamba mgodini wamefika wahandisi wageni, anatafutwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili awafundishe. Nyumba ipo, usafiri upo, umri si kikwazo. Ada ya usaili ulishaituma. Ulikuwa na miaka sabini na moja. Ulivaa suti ya kijivu, ukaweka vyeti vyako vyote kwenye bahasha ya kaki, ukapanda basi la alfajiri, ukasimama kwenye lango la mgodi ambao haukuwa na habari yoyote na wewe. Namba ya yule bwana wa ajira haikupokelewa. Mlinzi alikuacha usimame kidogo, kisha akakuletea benchi lake. Baadaye ulinisimulia alichokuambia: "Kaa, mzee wangu. Wewe ni wa nne mwezi huu."

Ulikaa pale mpaka alasiri. Ulijua tangu saa nne, ila ulikaa. Niliwahi kukuuliza kwa nini, ukasema pengine angetokea mtu, na mwalimu haondoki kabla ya kipindi kwisha.

Nilikupokea stendi hapa Shinyanga jua likizama. Ulishuka na bahasha yako chini ya kwapa, viatu vimejaa vumbi jekundu. Ningeweza kukupa pole tu. Badala yake, mbele ya makondakta na wauza maji, nilikufokea kwa sauti:

"Baba, hata mtoto wa darasa la tatu angejua huu ni utapeli!"

Hukukasirika. Ulisimama, ukanyoosha tai, ukasema neno moja ambalo sikulielewa wakati ule.

"Lakini iliandikwa vizuri. Haikuwa na kosa hata moja."

Siku ya pili yake nilikunyang'anya barua pepe yako. Sitatafuta neno laini. Nilikuja na biskuti, nikaomba simu niikague, nikabadilisha neno la siri, nikakuambia ni kwa usalama wako. Ukasema, "Haya." Tangu hapo anwani ya Mwalimu ikawa inafunguliwa dukani kwangu, kwenye kompyuta ya kudurufia.

Na mimi, mwenye akili, niliyekukataza kuwajibu, nikaanza kuwajibu. Nilitunga sentensi moja nikaihifadhi, nikawa nainakili na kuibandika: "Mwizi mkubwa wewe, katafute kazi, usiandike tena hapa." Kila aliyekuja na zawadi, na urithi, na habari njema, alikula sentensi hiyo. Wateja wangu walicheka, wakaniomba niwasomee nyingine. Nilijisikia nakulipizia kisasi. Barua hazikupungua, ziliongezeka kama nilivyokuwa nimekuonya mwenyewe, na mimi nikazidi kubandika, siku nyingine bila kusoma zaidi ya kichwa cha barua.

Kila Jumapili ulipotoka kanisani ulipita kwangu kula. Kabla ya kunawa uliuliza.

"Mayu, kuna barua?"

"Takataka tupu, Baba."

"Hakuna mwanafunzi aliyeandika?"

"Takataka tupu."

Ulinawa, ukala. Jumapili ya mwisho hukuuliza, na mimi nilifurahi kwamba hatimaye umezoea. Alhamisi yake ukaanguka bafuni, presha, na siku ya tatu hospitalini ukatuacha.

Siku ya pili ya matanga alifika mama mmoja kutoka Chato. Kwa umri nilimkadiria ni mdogo kwangu kwa miaka michache, kitenge cha bluu, mkoba wa plastiki wenye madaftari ndani. Alimsalimia kila mzee mkekani, "mwangaluka", mmoja baada ya mwingine, kisha akaja akaketi karibu yangu akaniambia anaitwa Nyamizi, ulimfundisha Ushetu. Nikamshukuru kwa kuja. Akawa analia kwa namna isiyokuwa ya mgeni, nikamshika mkono.

"Dada, naomba unieleze," akasema. "Mwalimu nilimkosea nini?"

"Kivipi?"

"Nilimwandikia mara mbili. Mara ya pili alinijibu kwamba mimi ni mwizi, nikatafute kazi, nisimwandikie tena. Nimekaa na maneno hayo muda wote huu. Nimejiuliza kama kuna kitu niliondoka nacho shuleni."

Baba, wakati ule kulikuwa na watu zaidi ya hamsini uwanjani, na nilitamani wote wapotee, au nipotee mimi. Ningeweza kumwambia ulikuwa mgonjwa, umechanganyikiwa kidogo, wazee ndivyo walivyo. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Ulinijia kwa wepesi ulionitisha.

"Si yeye aliyekujibu," nikamwambia. "Ni mimi."

Wanawake jikoni walikuwa wanagombana juu ya mchele, tukawasikia mpaka wakamaliza.

"Kwa hiyo yeye hakuisoma barua yangu?"

"Hakuisoma."

Akautoa mkono wake kwenye wangu taratibu. "Afadhali angeisoma akanikasirikia," akasema.

Ilikuwa imeandikwa nini? Alinieleza baadaye, maana hakuondoka, alikaa akatusaidia kuosha vyombo mpaka watu walipotawanyika. Nyamizi ndiye yule binti uliyemfuata kwao mara tatu kwa baiskeli, ulipotaka wazazi wake wasimwozeshe, wakamwoza. Ulikuwa ukitutajia kisa chake bila jina, ukikosa hamu ya kula. Aliachika, akarudi kwenye masomo ya watu wazima akiwa na watoto wawili, akafeli, akarudia, akaenda chuo cha ualimu umri wa wenzake kuwa wakuu wa shule. Sasa anafundisha darasa la tatu Chato. Alitaka kukuambia hivyo tu, na kukuomba uje siku moja uketi nyuma ya darasa lake umsikilize. Juu ya barua aliandika kwa herufi kubwa HABARI NJEMA KWAKO MWALIMU, na chini yake, "Tafadhali nijibu haraka nikupe maelekezo ya kufika." Mimi nilisoma kichwa cha barua nikabandika. Sidhani nilitumia dakika nzima.

Baada ya arobaini nilifunga duka siku mbili nikaingia kwenye anwani yako. Sikuingia kufuta, niliingia kutafuta. Nilizipitia moja moja, maelfu, tangu ule mwaka wa Kahama, na katikati ya wajane na majenerali nikawapata wanafunzi wako wanane niliowafagia, Nyamizi akiwa mmoja wao. Mmoja alikuwa anakuomba ushauri kuhusu mwanawe. Mwingine alitaka tu ujue yu hai. Nimewaandikia wote, na mwenye namba ya simu nimempigia.

Nikiwa huko nikafungua pia barua ulizozituma wewe, na hapo, Baba, nikakutana na mwanafunzi wako wa tisa.

Sijui jina lake, maana alikuwa nayo mengi. Mara wakala wa dhahabu, mara idara ya zawadi, mara afisa mikopo. Majina yalibadilika, anwani ilikuwa ile ile. Mwaka mzima alikuandikia na mwaka mzima ulimsahihisha. Barua ya kwanza ina makosa kumi na manne, uliyahesabu ukamwandikia. Ya pili ina tisa. Katikati ya mwaka ameacha kuchanganya "r" na "l", kosa letu la nyumbani, kwa hiyo ni mtu wa huku huku. Anaanza na shikamoo. Ulimsifu: "Unaendelea vizuri." Na barua ya mwisho, safi, aya zimepangika, koma mahali pake, ni ile ya kazi ya Geita.

Ndipo nikaelewa ulichoniambia pale stendi. Ulikuwa mwalimu wa mtu aliyekuibia. Alichukua ulichompa bure, akakinoa, akakitumia kukukalisha kwenye benchi la mlinzi umevaa suti. Nimewahi kuwachukia watu, lakini sikuwahi kumwona binadamu mdogo kiasi kile.

Nikamwandikia. Safari hii sikubandika, niliandika kwa mkono wangu. "Mwalimu uliyekuwa ukimwandikia amefariki. Alikufundisha Kiswahili mwaka mzima bila malipo, nawe ukamwita Geita. Nilitaka ulijue hilo."

Alijibu mchana ule ule. "Ndugu mfiwa, shikamoo ikiwa umenizidi umri. Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kifo cha Mwalimu. Alikuwa mmoja wa watu wachache sana walionijibu kwa heshima katika maisha yangu. Sina neno la kujitetea. Mungu ampumzishe mahali pema." Nilitafuta kosa, Baba, sikuliona. Macho yalinijaa machozi. Niliona kijana mahali fulani, ameinama, ameguswa. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe, kweli, vidole viko juu ya kibodi. Kisha nikateremsha ukurasa.

"Ili ofisi yetu iwasilishe rambirambi, tafadhali tuma jina kamili na namba ya simu ya msimamizi wa mirathi, pamoja na ada ndogo ya usajili."

Nilicheka kicheko kibaya, mteja aliyesubiri kudurufu cheti akarudi nyuma hatua moja. Nikamfungia asiandike tena. Sikumtukana, hastahili hata tusi langu.

Lakini ule muda kabla sijateremsha ukurasa sijaweza kuusahau. Mimi mjanja wa steshenari, ninayezijua kabla sijazifungua, nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu aliandika vizuri na kwa sababu alisema kile nilichokuwa na njaa ya kusikia. Wewe ulikuwa na njaa ya darasa. Hukuwa mjinga, Baba, na umri haukuwa na kosa lolote. Nilikuweka chini ya mtoto wa darasa la tatu pale stendi, na ilinichukua barua moja ya rambirambi kufika hapo ulipokuwa wewe.

Kaka anasema anwani ifungwe, ni mzigo, imeoza. Sifungi. Nimeweka vichujio, vinapunguza. Zilizobaki nazisoma kila asubuhi kabla ya kufungua duka, moja moja, kwa dharau kubwa na kwa uangalifu mkubwa. Wezi siwajibu. Wako nawajibu. Mwezi uliopita nilikwenda Chato, nikaketi nyuma ya darasa la Nyamizi kwa vipindi viwili. Anafundisha vizuri, anasimama karibu na mtoto anayeshindwa. Hajanisamehe bado, aliniambia hivyo akinisindikiza stendi, na nilimheshimu kwa kulisema.

Nimewatukana wezi wako ukurasa baada ya ukurasa, na sijafuta hata neno. Ila kuna kitu kimoja walichonizidi, nacho ndicho nilichotaka kukuambia tangu nilipoanza. Wao walikudharau bila kukujua. Mimi nilikujua.

Wabeja, asante, Baba. Lala salama.

Ni mimi, binti yako wa mwisho.